Daftari la Mkuu wa Shule



Kila ufikapo mwezi wa Septemba, shule za Rwanda hufungua milango kwa mwaka mpya wa masomo. Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, wazazi hupanga foleni uani wakiwa wamewashika watoto mikono, na ndani ya ofisi mkuu wa shule huketi mezani, daftari mbele yake, akiandika majina. Katika siku hizo husemwa mengi juu ya elimu ya kesho. Husemwa habari za kompyuta, za sayansi, za lugha za kigeni na za ushindani wa mataifa. Nao wakuu wa shule huulizwa na wazazi, na maafisa wa wilaya, na waandishi wa habari: Je, dira yenu ya miaka ijayo ni ipi?

Swali hilo ni la haki. Lakini katika mazungumzo yetu ya leo tungependa kuwakumbusha wananchi kwamba jibu lake limo ndani ya lile daftari lililo mezani. Daftari la shule lina habari tatu. Kwanza, laonyesha ni nani aliyeandikishwa. Pili, laonyesha ni nani anayehudhuria na ni nani asiyeonekana. Tatu, laonyesha ni nani aliyemaliza, na amemaliza akiwa amepata nini. Mkuu wa shule mwenye dira ni yule awezaye kuyajibu maswali hayo matatu juu ya kila mtoto aliyekabidhiwa. Asiyeweza kuyajibu, hata akihutubia vizuri namna gani, bado hajaanza kazi.

Tuanze na habari ya kwanza, yaani kuandikishwa.

Katika nchi hii daftari la shule lina historia, na historia hiyo ni nzito. Tangu miaka ya 1930, utawala wa Kibelgiji ulipoanza kuandika kabila katika vitambulisho, neno moja tu katika karatasi lilitosha kuamua njia ya mtu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, desturi hiyo haikuachwa. Mwanafunzi aliendelea kuandikwa pamoja na kabila lake. Watu wazima wengi bado wanakumbuka jinsi mwalimu alivyowaamuru watoto wasimame darasani kwa makundi ili awahesabu. Wapo waliokuwa hawajui wasimame na nani, wakatumwa nyumbani kwenda kuwauliza wazazi wao. Hivyo ndivyo mtoto wa miaka saba au minane alivyofundishwa utengano na mtu yule yule aliyemfundisha kusoma.

Mwezi wa Februari 1973 mambo yalizidi. Katika shule za sekondari na katika Chuo Kikuu cha Butare, orodha za majina zilibandikwa ukutani, na wanafunzi wa Kitutsi walioorodheshwa wakafukuzwa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Jamhuri ya Pili ilishika madaraka, na chini yake ikaimarishwa sera iliyoitwa iringaniza, maana yake kusawazisha. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa. Jina la sera lilikuwa zuri, lakini matendo yake yalikuwa dhuluma. Mtoto wa Kitutsi aliyefaulu alifungiwa mlango kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Mtoto wa Kihutu wa kusini naye aliachwa nyuma ili apitishwe wa kaskazini.

Hapa Gisenyi hatuna budi kulisema jambo hilo waziwazi, kwa kuwa mkoa wa Gisenyi wa wakati ule, pamoja na Ruhengeri, ndio uliopendelewa. Wakubwa wa serikali walitoka huku, na nafasi za shule zikawafuata. Wako wanaodhani kwamba upendeleo ule uliwafaa watu wa Gisenyi. Hilo si kweli. Mtoto aliyepewa nafasi kwa sababu ya kwao alinyimwa jambo kubwa kuliko nafasi yenyewe: alinyimwa kujua kwamba mwenzake ni sawa naye. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, walimu waliuawa pamoja na wanafunzi wao, na wengine miongoni mwa walimu wakawasaliti wanafunzi wao kwa wauaji. Miaka mingi ya kuwahesabu watoto kwa makundi ilikuwa imeitayarisha njia.

Hata hivyo, katika eneo hili hili la magharibi, wanafunzi ndio waliotoa jibu. Tarehe 18 Machi 1997, wakati wa masomo ya usiku, watu wenye silaha waliingia katika shule ya Nyange, ambayo leo imo katika wilaya ya Ngororero. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Wanafunzi wakakataa, wakasema kwamba wote ni Wanyarwanda. Risasi na mabomu ya mkono yakafuata. Wengine walikufa, na wengi wakajeruhiwa. Kabla miezi miwili haijapita, mwishoni mwa Aprili, shule ya wasichana ya Muramba, katika mkoa wa Gisenyi wa siku hizo, ilivamiwa vivyo hivyo. Wasichana waliamshwa usingizini, wakaamriwa kujitenga, nao wakakataa. Waliuawa wasichana 17, pamoja na mtawa Mbelgiji wa miaka 62. Leo wanafunzi wa Nyange wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa, katika daraja la Imena, nao hukumbukwa kila tarehe 1 Februari.

Tunazikumbusha habari hizi kwa sababu mwaka 1997 wanafunzi wale walikuwa wameonyesha maana ya shule kuliko wakubwa wengi waliowatangulia. Mkuu wa shule anayekaa leo katika kiti chake asifikiri kwamba kazi ya kuandikisha watoto ni kazi ya karani. Kalamu ile iliwahi kuua. Leo kabila haliandikwi tena, wala halikubaliki kuulizwa. Lakini iko mizani nyingine ambayo yaweza kuingia kimya kimya mahali pa ile ya kale, nayo ni mizani ya mfuko. Mtoto asiye na sare anaambiwa arudi wiki ijayo. Mtoto ambaye mama yake hajatoa mchango anaambiwa asubiri. Mtoto mlemavu anaambiwa kwamba shule haina ngazi zinazomfaa. Mwaka 2022 serikali iliweka kikomo cha michango katika shule za umma na zile zinazosaidiwa na serikali, ili shule zisijipangie kila moja bei yake. Amri hiyo ni njema, lakini amri hufika mlangoni pa shule na kuishia hapo. Ndani ya mlango, anayeamua kama mtoto ataandikwa au hataandikwa ni mkuu wa shule.

Habari ya pili, ndugu wasikilizaji, ni mahudhurio.

Shule za nchi yetu zimepanuka kwa kasi. Mwaka 2009 ulianza mpango wa elimu ya msingi ya miaka 9, na mwaka 2012 ukaongezwa kuwa wa miaka 12. Mwaka 2020, wakati maradhi ya korona yamezifunga shule, serikali na wananchi walianza ujenzi wa madarasa 22,505 nchini kote ili kupunguza msongamano na kufupisha safari za watoto. Hizo ni juhudi za kusifiwa. Lakini watoto nao wameongezeka, na katika shule nyingi za msingi darasa moja bado hutumiwa kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Mwalimu anayefundisha makundi mawili kwa siku moja huyajua majina ya watoto kwa taabu. Na jina lisilojulikana halikumbukwi linapokosekana.

Hapa Gisenyi jambo hili lina uzito wa pekee. Mji wetu umepakana na Goma nyumba kwa nyumba. Katika kivuko kinachoitwa Petite Barrière, kabla ya mwaka 2020, watu waliovuka kwa miguu kwa siku moja walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wengi wao walikuwa akina mama wenye vikapu vya mboga, unga, samaki na matunda. Biashara hiyo ndiyo iliyolisha nyumba nyingi za Rubavu. Lakini mama anapovuka alfajiri, mtoto mchanga hubaki na nani? Mara nyingi hubaki na dada yake mwenye miaka kumi, ambaye siku hiyo hataonekana darasani. Na mzigo unapokuwa mzito, kijana wa darasa la tano huitwa asaidie kubeba. Siku ya kwanza ni ya dharura, ya pili ni ya mazoea. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Siku moja moja za kukosa masomo humaliza mwaka mzima, na mwisho wake mtoto hurudi shuleni akiona haya, au asirudi kabisa.

Juu ya hayo yako majanga. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitoa moto. Maelfu ya watu wa Goma walikimbilia upande wetu, na matetemeko yaliyofuata yakapasua kuta za majengo mengi ya Rubavu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliupiga mkoa wa Magharibi na sehemu za Kaskazini na Kusini. Mto Sebeya ulifurika na kuzikumba nyumba za Nyundo na Rugerero, na nchini kote watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipofika Goma, risasi na makombora yaliangukia upande wa Rubavu, raia wakauawa, na masomo yakasimama. Kila tukio la namna hiyo huacha nafasi tupu darasani. Familia huhama. Baba hupoteza kazi. Mtoto mkubwa hutafutiwa kibarua. Magari ya msaada yakisha kuondoka, na magazeti yakisha kugeukia habari nyingine, anayebaki na orodha ya wasioonekana ni mkuu wa shule.

Basi na tuulize: Anaifanyia nini orodha hiyo? Hapa ndipo dira hutofautiana na maneno. Yuko mkuu wa shule ambaye hupenda daftari lake lionekane safi. Mkaguzi akija, kila mtoto amewekewa alama ya kuwapo. Mtoto dhaifu katika masomo akiacha shule, mkuu huyo huona nafuu moyoni, kwa kuwa wastani wa matokeo ya shule utapanda. Shule ya namna hiyo yaweza kusifiwa mwaka huu na mwaka ujao, lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Watoto waliofutwa kimya kimya hawafutiki mjini. Hukua wakiwa sokoni, kandokando ya ziwa na mpakani, hawana cheti wala ujuzi, na mji mzima utalipa gharama yake.

Yuko na mkuu wa shule wa namna nyingine. Huyu, mtoto akikosekana siku tatu, humtuma mwalimu au mwenzake wa jirani kwenda kuuliza. Hukaa na kiongozi wa kitongoji, akajua ni nyumba gani iliyopata msiba. Huzungumza na akina mama wa biashara ili watoto wadogo wapate mahali pa kushinda. Mpango wa chakula shuleni, ambao tangu mwaka 2021 umeenezwa hadi shule za awali, za msingi na za sekondari, kwake si shughuli ya jikoni peke yake. Anajua kwamba sahani ya mahindi na maharage ya saa sita humrudisha darasani mtoto ambaye maonyo hayakumrudisha. Kwa hiyo huyatazama magunia ya ghala kwa jicho lile lile analoyatazamia madaftari ya hesabu, kwa sababu gunia likiibwa, viti vya darasani navyo vitabaki vitupu.

Habari ya tatu ni kumaliza, na kumaliza na nini.

Katika jambo hili nchi yetu imepata mipango mingi iliyotoka juu. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akataka shule imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini badala ya kumwandaa kwa ofisi tu. Rwanda nayo, katika mageuzi ya mwaka 1979, ilifanya shule ya msingi kuwa ya miaka minane badala ya sita, Kinyarwanda kikawa lugha ya kufundishia, na kilimo na ufundi vikaongezwa. Shabaha ilikuwa nzuri. Lakini walimu wengi hawakuandaliwa kufundisha ufundi, vifaa havikutosha, na wazazi waliona kwamba nafasi za sekondari zilibaki chache, tena zinagawanywa kwa upendeleo. Mwaka 1991 mpango ukaachwa, na miaka sita ikarudi. Mpango ulikuwa umeandikwa vizuri, lakini shule haikupewa uwezo wa kuutekeleza.

Habari ya lugha nayo ni hivyo hivyo. Mwezi wa Oktoba 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kichukue mahali pa Kifaransa katika kufundishia, na walimu waliosomea Kifaransa maisha yao yote wakatakiwa kugeuka. Baadaye Kinyarwanda kilirudishwa katika miaka mitatu ya kwanza ya msingi, na mwezi wa Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze tangu darasa la kwanza. Sisi hatusemi kwamba Kiingereza hakifai. Mtoto wa leo anakihitaji. Tunachosema ni kwamba mtoto asiyeelewa maneno ya mwalimu hukariri, na aliyekariri husahau. Mkuu wa shule mwenye busara hahesabu tu masaa ya Kiingereza katika ratiba. Huingia darasani, akakaa nyuma, akasikiliza kama watoto wanauliza maswali. Mahali ambapo watoto hawaulizi, pana jambo la kurekebishwa, hata kama ubao umejaa maandishi.

Tena mtoto wa Gisenyi ana mali ambayo watoto wengi hawana. Nyumbani anasema Kinyarwanda. Sokoni na mpakani anasema Kiswahili. Kwa majirani wa Goma anasikia Kifaransa. Mwaka 2017 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda, na nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Hata hivyo bado wako wanaokidharau Kiswahili kwa kukiita lugha ya sokoni. Na iwe ya sokoni! Soko ndilo linalowalisha wazazi wa watoto hao. Shule yenye dira haitamwambia mtoto aiache lugha hiyo langoni. Itamfundisha kuiandika sawasawa, ili alichokuwa akikisema kwa mdomo kiwe ujuzi wa kumpatia kazi kutoka Mombasa hadi Kisangani.

Kadhalika katika sayansi na ufundi. Ziwa Kivu liko mbele ya madirisha ya shule zetu. Chini ya maji yake mna gesi ya methani, ambayo tangu mwaka 1963 ilianza kutolewa hapa Rubona kwa ajili ya kiwanda cha bia, na ambayo leo inazalisha umeme huko Karongi. Nyuma yetu kuna milima ya volkano inayochunguzwa na wataalamu wa dunia nzima. Huko Nyundo kuna shule ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1952, ambayo imefundisha vijana kuchonga, kuchora na kufinyanga kwa zaidi ya miaka sabini. Je, ni haki mtoto wa Gisenyi amalize darasa la sita akiwa amekariri majina ya mito ya mbali, na hajui kwa nini ziwa lake lina gesi, au kwa nini Sebeya hufurika? Mtaala mpya uliotangazwa mwaka 2015, unaotilia mkazo uwezo wa kutenda, unamruhusu mwalimu kutoka na watoto nje ya darasa. Ruhusa imekwisha kutolewa. Kinachotakiwa ni mkuu wa shule asiyeogopa kuitumia.

Hapana shaka kwamba yote haya hayawezi kubebwa na mtu mmoja. Mwezi wa Agosti 2022 serikali iliongeza mishahara ya walimu wa shule za msingi kwa asilimia 88, na ile ya walimu wa sekondari wenye shahada kwa asilimia 40. Hatua hiyo iliwarudishia walimu heshima yao. Sasa inafaa mkuu wa shule naye apunguziwe mzigo wa karatasi ili apate muda wa kuwatazama watoto. Na wilaya inapozipima shule, isiulize tu ni wangapi waliofaulu. Iulize pia ni wangapi walioanza pamoja nao, na waliopotea njiani wako wapi. Shule iliyoandikisha watoto mia moja katika darasa la kwanza na kufaulisha arobaini wote waliobaki, isipewe sifa kuliko ile iliyowafikisha tisini mwisho wa safari, hata kama kumi kati yao walishindwa mtihani.

Wazazi nao wana wajibu wao. Mikutano ya wazazi ipo katika kila shule, lakini wengi huhudhuria siku ya kuzungumzia michango tu. Tunapendekeza jambo moja lisilogharimu hata faranga moja. Mwisho wa kila muhula, mkuu wa shule asimame mbele ya wazazi na asome hesabu tatu kutoka katika daftari lake: watoto walioandikishwa, watoto waliopo, na watoto wasioonekana. Majina ya wasioonekana yasisomwe kwa kuwaaibisha, bali yagawanywe kwa majirani ili kila mmoja aende nyumba iliyo karibu naye akaulize. Wazazi wanaomsikiliza mkuu wa shule wao akisoma hesabu hiyo watajua dira yake ni ipi, wala hawatahitaji kumwuliza.

Zamani daftari la shule katika nchi hii lilitumika kuwatenga watoto. Vijana wa Nyange na Muramba walikataa utengano huo kwa damu yao. Sisi hatuombwi damu. Tunaombwa tumwandike kila mtoto, tumtafute anapokosekana, na tumfikishe mwisho akiwa na ujuzi wa kumsaidia yeye na nchi yake. Mwaka wa masomo ni mihula mitatu tu, na kila siku moja ina mahudhurio yake.